Mzee ananiambia "bloody" kila siku. Ananitukana?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, kwetu Korogwe, ila kwa sasa tunaishi Lancashire, kaskazini mwa Uingereza. Nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, mara zamu ya mchana, mara ya usiku. Kazi naipenda, wazee nawapenda, mshahara tuuache kwanza. Kinachonitesa ni midomo ya hawa watu.

Kuna mzee mmoja ameshapita miaka tisini, zamani alikuwa dereva wa lori. Nikimpelekea chai anasema "bloody lovely". Mvua ikinyesha, "bloody rain". Rimoti ya runinga ikigoma, "bloody thing". Wiki iliyopita nilimbadilishia mashuka, nikamkalisha vizuri kwenye kiti chake cha dirishani, nikamwekea blanketi magotini. Akanishika mkono, akaniambia mbele ya binti yake: "You're bloody marvellous, you are." Binti akacheka. Mimi nilitoa meno tu, nikaingia stoo ya mashuka nikajifungia mpaka moyo ukatulia.

Nieleze kwa nini. Babu yangu alikuwa mkata mkonge kwenye shamba moja huko kwetu, enzi za mkoloni. Meneja Mzungu alikuwa akipita kwenye mistari anahesabu matita, na likipungua hata moja neno lake lilikuwa "bladifuli". Mbele ya watu, mbele ya wanawe. Babu amezeeka na neno hilo kifuani. Akikasirika kupita kiasi alilitoa yeye mwenyewe, na tukilisikia wajukuu tulitawanyika. Sasa nimevuka bahari nije kuambiwa hivyo na mtu ninayemwosha mgongo?

Wenzangu kazini wananiona mgumu. Dada mmoja Mfilipino ananiambia hayo si matusi, nizoee. Yeye akiangusha kitu anapiga kelele "sugar!", na siku ya kwanza nilidhani anaagiza sukari. Mpishi ni "flipping heck" asubuhi hadi jioni. Muuguzi wa zamu ni "blimey". Sijui lipi tusi, lipi si tusi, kwa hiyo nimenyamaza, naonekana nanuna. Barua ya malalamiko dhidi ya yule mzee nimeshaiandika, iko kwenye simu, sijaituma.

Nyumbani nako vita. Eliya ana miaka tisa. Kila sentensi ni "oh my gosh" na "what the heck", na juzi kaja na "freaking". Baba yake amepiga marufuku yote. Anasema "gosh" ni jina la Mungu limefunikwa shuka, "heck" ni jehanamu, na Biblia iko wazi. Mtoto analia kwamba hata mwalimu wake anasema "gosh". Bibi yake ndiye pekee asiye na shida: tukimpigia simu video Eliya akasema "oh my gosh, bibi!", bibi anasikia "mgosi", yaani mwanamume, anafurahi mjukuu hajasahau Kisambaa.

Nisaidie, Shangazi. Niitume hiyo barua? Na mwanangu nimwache aseme?

Mama Eliya, Lancashire

Nimesahau: na "crap" je? Meneja wetu mwenyewe analisema.

*

Marahaba, Mama Eliya. Pole na kazi, na pole na ile stoo ya mashuka.

Barua usiitume. Yule mzee hakukutukana, alikusifu, tena mbele ya binti yake ili na yeye asikie. "Bloody" ya Mwingereza wa leo, na hasa mzee wa kaskazini aliyeishi barabarani, kazi yake kubwa ni kukoleza neno linalofuata. "Bloody lovely" ni tamu kwelikweli. "Bloody rain" ni hii mvua nayo imezidi. Ukitaka kujua kakusudia nini, sikiliza lililokuja nyuma yake. Kwako lilikuja "marvellous". Kwa babu yako lilikuja "fool", yaani mpumbavu, na aliyelitamka alikuwa na uwezo wa kumkata ujira jioni ileile na babu asiwe na pa kushtaki. Tusi lilikaa hapo. Watu wetu waliyapokea yale maneno mawili yakiwa yameshikana, bladifuli, wakayaweka hivyo kwenye lugha yetu, ndiyo maana nusu ya kwanza ikisikika peke yake wewe unaisikia yote. Uchungu wako nauelewa. Mwenye deni siye huyu mzee wa chai.

Wala si kwamba ulikosea kulisikia zito. Hata kwao lilikuwa zito, tena si zamani sana. Aprili 1914 huko London ilioneshwa tamthilia ya George Bernard Shaw iitwayo Pygmalion. Ndani yake msichana muuza maua, ambaye ameshafundishwa kuongea kama mabibi wakubwa, anaulizwa kama atatembea kwa miguu, naye anajibu "Not bloody likely". Mji mzima uliongea. Magazeti yalifanya kuwa habari, na watu wakageuza utani: badala ya kulitaja neno lenyewe wakawa wanasema "Not Pygmalion likely". Hebu fikiria, jina la mchezo likageuzwa pazia la kufunikia neno ambalo leo babu wa chai analitaja mbele ya bintiye. Na mwaka 2006, bodi ya utalii ya Australia ilipotengeneza tangazo lenye "bloody hell" ndani yake, waliokuwa wakikagua matangazo ya televisheni Uingereza walilizuia kwanza, baadaye wakaliruhusu lirushwe baada ya saa 3 usiku, watoto wakiwa wamelala. Miaka 10 baadaye, 2016, Ofcom, mamlaka inayosimamia utangazaji huko, ilitoa utafiti wake kuhusu lugha chafu, na "bloody" ikawekwa kwenye kapu la maneno mepesi, pamoja na "damn". Basi limechakaa. Lilikuwa na meno, yameng'oka moja moja.

Kama roho bado haijatulia, zungumza naye. Siku moja ukimpa chai, mwambie kwa upole kwamba kwenu neno hilo walitukanwa nalo wazee, ukilisikia unaumia. Nadhani atashtuka. Huenda hajui hata kama Tanganyika iliwahi kuwa na meneja wa namna hiyo. Usitegemee ataacha, mtu wa miaka tisini haachi, lakini utakuwa umemwambia yeye uso kwa uso badala ya kumwandikia meneja.

Sasa hayo mengine. "Bloody" yenyewe si tafsida, yaani neno laini la kufunikia tusi, ni tusi dogo lililozeeka. Tafsida zake ni "blooming", "blinking" na "ruddy", utawasikia nazo wazee ambao hawataki hata hilo dogo. "Flipping" ya mpishi wenu imesimama mahali pa neno jingine zito zaidi, lile la chumbani linaloanza na F. "Heck" imesimama mahali pa "hell". Na "sugar" ya mwenzako ni neno la chooni lililogeuziwa njia. Sikiliza sauti ya mwanzo: mdomo umeshaanza, trei imeshaanguka, mwanamke anakumbuka kuna wageni, basi anamalizia kwingine. Wamarekani wao humalizia "shoot". Nyingi ya tafsida hizi zimetengenezwa hivyo, kichwa cha neno baya na mkia wa neno jema. "Gosh" na "golly" zimeanza na G ya Mungu wao, "darn" na D ya laana, "crikey" ni Kristo, "jeez" na "gee" ni Yesu.

"Blimey" ya muuguzi ina kisa chake. Ni "God blind me" iliyomezwa mpaka ikabaki mabaki: Mungu na anipofue! Yule muuguzi akishangaa bei ya maegesho hana habari kwamba anajiapiza upofu. Kwetu pia tunao wa "nipasuke kama nadanganya", na hakuna anayetazamia kupasuka.

Yameanza lini? Zamani sana. Mwaka 1606, bunge la Uingereza lilipitisha sheria dhidi ya waigizaji: anayelitaja kwa mzaha jina la Mungu, la Kristo, la Roho Mtakatifu au la Utatu jukwaani, faini pauni 10, na kwa wakati ule hizo zilikuwa fedha nyingi mno. Hata kabla ya hapo watu walishaanza kuyakata maneno. "Zounds" ilikuwa majeraha ya Mungu, "'sblood" damu ya Mungu, jina lenyewe la Mungu limeng'atwa likabaki s au z tu. Othello ya Shakespeare ilipochapwa mwaka 1622 ilikuwa nayo yote mawili. Ilipochapwa ndani ya kile kitabu kikubwa cha tamthilia zake cha mwaka 1623, yalikuwa yameondolewa. Yaani hata pazia lilihesabiwa kosa. Leo ukimwambia Mwingereza "zounds" atadhani unaigiza.

Hapo ndipo nataka mumeo aingie kwenye mazungumzo haya, kwa sababu hoja yake si ya kipuuzi. Wapo Wakristo wa Uingereza na wa Marekani wanaofikiri kama yeye, hawaruhusu "gosh" wala "jeez" nyumbani kwao. Kutoka 20:7 imeandikwa wazi: "Usilitaje bure jina la BWANA, Mungu wako." Na chimbuko la maneno hayo kalisema sawa, simpingi.

Ila muulize swali moja, akiwa ameshiba. Yeye akisimulia jambo na watu hawamwamini, anasemaje? Nawajua wanaume wa Tanga. Atasema "haki ya nani!" Sasa huyo nani ni nani? Ni haki ya Mungu ileile, mdomo umefika kwenye jina ukaogopa, ukaruka. Wakenya wana "walai", ni wallahi iliyonyolewa. Na vijana wetu nao wameng'oa kichwa cha lile tusi la mama wa mtu, wamebakiza mkia, wanautumia kwenye daladala kana kwamba wameutakasa. Kama Baba Eliya anataka kusimama na herufi, asimame nayo mpaka mwisho, kwa sababu kwenye Mathayo 5:37 Yesu anasema "maneno yenu yawe Ndiyo, ndiyo, Siyo, siyo". Hapo "gosh" ya mtoto na "haki ya nani" ya baba zinaondoka siku moja. Na kama yake anaiona haina ubaya kwa kuwa moyoni hamkusudii Mungu, basi mtoto wa miaka tisa naye hamkusudii.

Mimi ningegawa hivi. "Gosh", "golly" na "heck", kwa watu wengi wa huko, ni maneno ya watoto, hata mwalimu hashtuki. Hayo mnaweza kuyaacha. Mkiamua kuyazuia kwa sababu ya imani yenu, zuieni kama sheria ya nyumba yenu, msimwambie Eliya kwamba mwalimu wake anatukana, maana atakwenda kumwambia. "Jeez" ni Yesu mwenyewe, ningelizuia kwenye nyumba ya Wakristo bila mjadala. "Freaking" ni habari nyingine. Pazia lake ni jembamba mno, kila mtu mzima akilisikia anaona nyuma yake kuna neno gani, na shule nyingi hazilitaki. "Frigging" usiliruhusu kabisa, hilo lina maana yake chafu yenyewe, halikuwahi kuwa pazia safi.

Na mkimkataza mtoto mpeni la kusema. Mtoto aliyefungwa goli dakika ya mwisho hawezi kukaa kimya. "Oh man", "no way", "good grief", yote yanatosha. Au mpeni ya kwetu: "salaale!", "lahaula!", "jamani!" Wenzake shuleni watayaiga, nakuambia. Tena kuna "aisee", ambayo ni "I say" ya Waingereza wenyewe, waliisahau kwetu walipoondoka, na wao siku hizi hawaitumii sana. Mwacheni airudishe.

Ya bibi na mgosi msiyaguse. Hapo hakuna aliyekosewa.

Turudi kwako kazini. Kunyamaza kwako kunakuumiza kuliko maneno yao. Watu wa kaskazini huonesha ukaribu kwa mdomo mchafu kidogo, na asiyechangia chochote wanadhani hawapendi. Huna haja ya kuyachukua yao. Kuna maneno ambayo hayamkwazi mtu wa kawaida: "oh dear", "goodness me", "my word". "Oh dear" hasa, kwa kazi yako ni dhahabu, linafaa chai ikimwagika, mguu ukiuma na mwana asipokuja Jumapili. Hayo mengine yaelewe ukiyasikia, usiwe na haraka ya kuyasema. Mgeni akisema "bloody" huwa inasikika nzito kuliko mwenyeji akisema, sijui kwa nini, ila ndivyo ilivyo, na mbele ya ndugu wa mgonjwa hujui yupi ni wa kucheka na yupi ni wa kuandika barua. Utasikia pia wazee wanaitana "silly old bugger" kwa mapenzi kabisa. Cheka nao. Lakini lisitoke mdomoni mwako, chimbuko lake ni zito na halijafa lote.

Kuna jambo la kitabibu ambalo pengine mlishafundishwa, nalisema kwa ajili ya wengine wanaosoma. Mtu aliyepata kiharusi akapoteza maneno, mara nyingi matusi hubaki. Anashindwa kuomba maji, lakini laana inatoka safi, kwa kuwa maneno ya namna hiyo hutoka yenyewe, hayapitii njia ndefu ya kupanga sentensi. Na kwenye baadhi ya magonjwa ya kusahau, bibi aliyeimba kwaya maisha yake yote anaweza kuanza kutoa maneno ambayo binti yake hajawahi kuyasikia nyumbani. Binti atatamani ardhi immeze. Ukimwambia kwamba huo ni ugonjwa, si malezi, utakuwa umemsaidia kuliko dawa.

Ila usinielewe vibaya nikakufanya uvumilie kila kitu. Siku yoyote, mzee awe nani, "bloody" ikifuatwa na rangi yako, nchi yako au jina la mnyama, hapo hatuko tena kwenye maneno mepesi. Mwambie meneja siku hiyohiyo. Uingereza ina sheria ya usawa ya mwaka 2010 inayohusu udhalilishaji wa rangi kazini, na hata kama mgonjwa hajijui, mwajiri wako anapaswa kujua ili apange nani aingie chumba kile na kwa namna gani. Usije ukasema Shangazi kaniambia ni lugha yao.

Na "crap". Hilo halijifichi nyuma ya chochote, ni neno la chooni lenyewe, jepesi, Ofcom waliliweka kapu moja na "bloody". Mwachie meneja, ana cheo cha kulisemea. Na unapojaza daftari la zamu, kama mgonjwa kakasirika na ni lazima iandikwe, usiandike tu kwamba alitukana, kwa sababu wewe na muuguzi wa usiku hampimi matusi kwa mizani moja. Andika neno lenyewe kama alivyolitamka, ndani ya alama za kunukuu, na alikuwa anafanya nini wakati huo, halafu weka saa.

Shangazi